AC ya Corolla inapoa safarini, ikisimama inatoa joto: je, kompresa imekufa?

SWALI: Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A. Asubuhi nikitoka Chikongola AC inapoa vizuri, na nikiwa njiani kwenda Lindi inapoa mpaka watoto wanaomba niipunguze. Shida ni nikisimama. Kwenye foleni ya kivuko cha Msangamkuu saa saba mchana, dakika tano tu hewa inakuwa vuguvugu, halafu inakuwa ya moto kabisa. Tangu Juni fundi ameongeza gesi mara mbili, na kila mara ilikaa vizuri wiki chache. Sasa anasema kompresa imechoka, niagize ya mtumba kutoka Dar. Ninunue? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Usinunue kwanza. Dalili ulizozitaja zinaitetea kompresa, yaani pampu inayokandamiza gesi ya AC, kuliko zinavyoishtaki. Ni kweli kwamba kompresa iliyochoka huzidiwa zaidi injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na huenda hapo ndipo shaka ya fundi wako ilipoanzia. Lakini ingekuwa imechoka, gari lisingepoa vizuri hata asubuhi likiwa bado limesimama nje ya nyumba, na ukishapita Mikindani baridi yake ingekuwa ya kubahatisha. Gari linalopoa likikimbia na kutoa joto likisimama, mara nyingi limekosa upepo kwenye kondensa. Juu ya hilo una tatizo la pili ambalo gesi ya kuongeza imekuwa ikilifunika: mfumo wako unavuja. Matatizo haya mawili yasipotenganishwa, lawama yote huangukia kompresa.

Kondensa ni ile inayofanana na rejeta nyembamba, imekaa mbele kabisa, rejeta ya maji ikiwa nyuma yake. Gesi hufika pale ikiwa imekandamizwa na ina moto mkali, inapozwa na upepo hadi inageuka kimiminika, ndipo inaenda kwenye evaporeta ndani ya dashibodi kubeba joto la chumba. Ukiwa kilomita 80 kwa saa upepo unajileta wenyewe. Ukisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Feni ikizembea, presha ya upande wa juu inapanda, kimiminika kinachotengenezwa kinakuwa kidogo, baridi inapungua. Hilo ndilo vuguvugu lako. Presha ikiendelea kupanda hadi karibu psi 455 (psi ni kipimo kilekile cha upepo wa matairi), swichi ya presha inaikata kompresa ili mabomba yasipasuke, na hapo hewa inakuwa ya moto kabisa. Kwa hiyo hata hatua mbili ulizozieleza, vuguvugu kisha moto, zinalingana na hadithi hii.

Anza na feni, maana kipimo chake hakina gharama. Washa injini na AC, fungua boneti. Kama gari lako lina feni mbili, zote zinatakiwa zizunguke AC ikiwa imewaka. Kosa la mafundi wengi ni kuona feni inazunguka wakaridhika. Kuzunguka si kipimo. Kipimo ni nguvu ya kuvuta. Chukua karatasi ya daftari, iweke mbele ya kondensa: inatakiwa ivutwe na kunata yenyewe. Ikidondoka, feni ni dhaifu. Ikisukumwa kukujia, waya zimegeuzwa na feni inapuliza mbele badala ya kuvuta nyuma. Kosa hilo si geni kwenye magari yaliyobadilishiwa mota kwa spea za mtumba. Likikimbia unaweza usiligundue, kwa sababu upepo wa barabarani unalishinda, ila likisimama feni inairudishia kondensa upepo wa moto wa injini.

Feni dhaifu ina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kaboni za ndani ya mota kuisha: mota inakuwa ya moto kupindukia, na pengine inahitaji kusukumwa kwa kidole ndipo ianze (injini ikiwa imezimwa, tafadhali). Ya pili inawapita wengi. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, feni zina mwendo mdogo na mkubwa. Kwenye mwendo mdogo mota mbili zinaunganishwa mfululizo, kila moja inapata takribani nusu ya umeme. Presha ikikaribia psi 220 au maji ya rejeta yakipata moto, rilei (swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme) zinabadilisha na kila feni inapata volti zote. Rilei moja ikiungua, feni zinabaki kwenye mwendo mdogo maisha yote. Pima kwa testa kwenye soketi ya feni wakati hewa imeshakuwa ya moto. Ukipata volti 6 au 7, usiiguse mota, tafuta rilei. Ukipata 13 na bado karatasi hainati, badilisha mota.

Kipimo cha pili ni ndoo ya maji. Subiri mpaka hewa iharibike kabisa kama kule kivukoni, kisha mwagia kondensa kwa mbele lita kumi za maji ya bomba polepole, ukikwepa waya na mota za feni. (Maji ya bahari hapana, hata kama yako hatua tatu.) Kama ndani ya dakika moja baridi inarudi, kesi imekwisha: kompresa inakandamiza, gesi ipo, kinachokosekana ni njia ya joto kutoka. Kipimo hiki kinamzidi fundi yeyote anayekisia kwa kugusa bomba.

Baada ya feni, tazama kondensa yenyewe. Mtwara na Lindi ni miji ya ufukweni, na upepo wa chumvi unakula alumini kimyakimya. Ongeza vumbi la barabara za kwenda mashambani msimu wa korosho, na wadudu wa usiku njia ya Mingoyo. Pitisha kidole kwenye mapezi ya kondensa. Yakisagika kuwa unga mweupe, usihangaike kuosha. Mapezi yameshaachana na mirija yake na joto halina pa kupita. Hiyo ni ya kubadilisha. Yakiwa mazima lakini yamejaa uchafu, legeza bolti za juu za rejeta, ilaze kidogo nyuma, uone nafasi iliyo kati yake na kondensa. Blanketi la vumbi na nyasi hujificha hapo, wala halionekani kwa mbele. Osha kwa maji ya mpira wa bustani na sabuni ya kawaida, ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari iache, inalaza mapezi. Ukirudishia, hakikisha vipande vya sponji pembeni mwa rejeta na kasha la plastiki la feni vipo. Bila hivyo feni inavuta hewa ya pembeni, iliyo njia rahisi, na kuiacha kondensa.

Sasa gesi, ambako nadhani ndiko mambo yalikoharibikia zaidi. Gesi ya AC haitumiki kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na mfumo mzima unaweza kukaa miaka mingi bila kuhitaji nyongeza. Kuongezewa mara mbili tangu Juni maana yake kuna tundu. Swali linalofuata ni je, ilipimwaje? Chini ya boneti kuna stika inayotaja aina ya gesi na kiasi chake kwa gramu. Kwa magari madogo huwa kati ya 400 na 700. Gari la 1998 linatumia R134a. Gesi hiyo hupimwa kwa mzani. Kilichozoeleka kwenye gereji nyingi ni kuchungulia kioo kidogo kilicho juu ya draya (kopo la kukausha unyevu wa gesi) na kuongeza gesi mpaka mapovu yaishe. Tatizo ni kwamba feni ikiwa dhaifu, mapovu yataonekana hata gesi ikiwa kamili, kwa sababu kondensa haijaigeuza yote kuwa kimiminika. Fundi anaona mapovu, anaongeza. Gesi iliyozidi inajaza kondensa na kupunguza nafasi ya kupoza, presha inapanda zaidi, gari linazidi kuchemka likisimama. Na kioo kikiwa safi kabisa hakikuambii kitu: gesi inaweza kuwa sawa, imezidi, au haimo kabisa.

Kwa hiyo fundi afunge geji zote mbili, ya upande wa chini na wa juu. Vichwa vya R134a havichanganyiki, vya chini ni milimita 13 na vya juu ni 16. Asome kwanza asubuhi kabla injini haijawashwa. Mfumo ukiwa umelala usiku kucha, pande zote mbili zinatakiwa zilingane, na namba inafuata joto la hewa: nyuzi 26 ni karibu psi 85, nyuzi 30 ni 97, nyuzi 32 ni 104. Ikisoma psi 15 au zaidi juu ya hapo, ndani kuna hewa au gesi ya aina nyingine iliyochanganywa, na hakuna namna ya kuirekebisha zaidi ya kutoa yote na kuanza upya. Ikisoma chini sana, gesi imebaki kidogo. Ikilingana, usifurahi mapema: namba hiyo inabaki ileile iwe kuna gramu 300 au 800, ilimradi kimiminika kipo.

Kisha washa injini, mizunguko 1,500 kwa dakika, feni ya ndani mwisho, joto kwenye baridi ya mwisho, hewa ya kuzunguka ndani. Kwa hewa ya nyuzi 30 hadi 35, Toyota wanataka upande wa chini usome psi 21 hadi 36, wa juu 199 hadi 228. Jua la saa saba gari likiwa silensa linaweza kuusogeza upande wa juu hadi 250 bila kuwa ugonjwa. Ukipita 300, zima.

Pande zote mbili zikiwa juu, chaguo ni tatu: upepo wa kondensa, gesi kuzidi, au hewa iliyobaki ndani. Ndoo ya maji na kipimo cha asubuhi vinakutenganishia. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Upande wa chini ukienda kwenye vakyumu (chini ya sifuri) huku wa juu nao uko chini, ekspansheni valvu, yaani tundu jembamba linaloingiza gesi kwenye evaporeta, imeziba, na kama inaziba na kuzibuka yenyewe, ni unyevu unaoganda kwenye tundu lake. Hali moja tu inaihukumu kompresa: upande wa chini juu sana, kwenye 60 hadi 80, huku wa juu haupandi kupita 100 hadi 140, na ukizima AC namba mbili zinakutana papo hapo. Muulize fundi wako alisoma ngapi na ngapi. Kama hana namba, hana ushahidi.

Kuna kasoro moja ya kompresa ambayo haihitaji kompresa mpya, na kwa gari la umri huu inafaa iangaliwe. Ni klachi, sumaku ya umeme inayoiunganisha kompresa na puli ya mkanda. Hewa ikiwa ya moto, tazama sahani ya mbele ya kompresa. Puli inazunguka wakati wote. Sahani inatakiwa izunguke nayo AC ikiwa imewaka. Ikiwa imesimama, pima umeme kwenye waya wa klachi. Umeme haupo? Rudi kwenye swichi ya presha, fyuzi na rilei. Umeme upo na sahani haivutwi? Nafasi kati ya sahani na puli imepanuka kwa kulika, na koili ikipata moto inakosa nguvu ya kuivuta. Nafasi halali ni takribani milimita 0.35 hadi 0.65, ipime kwa filagaji (vibati vya kupimia nafasi). Ikizidi, fungua bolti ya katikati, toa washa moja nyembamba iliyo ndani, rudisha. Koili nzima husoma ohm 3 hadi 4 na kidogo. Klachi yenye ugonjwa huu ikishaachia hairudi mpaka boneti ipoe, wakati gari lako linarudi kupoa ukianza mwendo, ndiyo maana sijaitanguliza.

Uvujaji. Oili ya kompresa inatoka pamoja na gesi, kwa hiyo mahali panapovuja huwa na vumbi lenye mafuta. Tazama viungo vyote vya mabomba, vichwa vya kujazia (vifuniko vyake vya plastiki vina kazi, usiviache gereji), sehemu ya chini ya kondensa ambako tope lenye chumvi hukaa, na nyuma ya puli, kwenye sili ya shafti. Sili hiyo hukauka gari likikaa miezi bila AC kuwashwa. Wengi huizima kipindi cha kusi, Juni na Julai, hewa ikiwa ya kupendeza. Iwashe dakika kumi kila wiki oili izunguke. Oringi zikibadilishwa ziwe za R134a, zipakwe oili ya kompresa kabla ya kufungwa.

Kama macho hayatoshi, mfumo ujazwe naitrojeni hadi kama psi 150 na viungo vipakwe povu la sabuni. Naitrojeni, narudia. Upepo wa kompresa ya kujazia matairi unaingiza unyevu. Oksijeni ya kuchomelea ikikutana na oili chini ya presha inalipuka, na mitungi hiyo miwili inafanana kutosha kumponza mtu mwenye haraka. Gundi ya chuma kwenye kondensa iliyotoboka haivumilii psi 200 na joto lake. Makopo ya dawa ya kuziba matundu yanaweza kuziba ekspansheni valvu pamoja na tundu. Kuna pia wanaojaza gesi ya kupikia. Inapoza, sikatai, ila evaporeta ikivuja umekaa na watoto ndani ya chumba chenye gesi inayowaka.

Tundu likishazibwa, ndipo vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu. Vitabu vinasema dakika 30. Kwa unyevu wa pwani nenda 45 hadi saa nzima. Mshale ufike karibu inchi 29 za zebaki, ufunge, usubiri dakika 15 bila kurudi. (Kazi ikifanyikia Newala, juu uwandani, mshale utaishia chini kidogo, takribani inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Pampu haina kosa.) Kama mfumo ulikaa wazi siku kadhaa, badilisha draya, maana imeshakunywa maji yote inayoweza. Oili iwe ya R134a, kwa kompresa za Denso ni ND-OIL 8 au PAG 46. Rudisha kile kilichoondoka na kifaa tu: kondensa mpya sentimita za ujazo 40, evaporeta 40, draya 10 hadi 20. Oili nyingi inapunguza baridi, kidogo inaua kompresa.

Gesi iingie kwa mzani, kwa kiasi cha stika, kopo likiwa wima, injini ikiwaka, kupitia upande wa chini pekee. Valvu ya geji ya upande wa juu ikifunguliwa injini ikiwaka, presha inarudi kwenye kopo na kulipasua. Mzani wa jikoni wa digitali unatosha: pima kopo kabla na baada, usiamini kilichoandikwa, kwani sehemu ya gesi hubaki ndani ya kopo na kwenye mipira.

Vitu viwili vidogo, kwa kuwa vinachanganya. Kama upepo wenyewe unapungua baada ya mwendo mrefu na kurudi ukizima AC kidogo, evaporeta inaganda barafu. Angalia sensa yake, ambayo husoma karibu ohm 1,500 kwa nyuzi 25. Na kama hewa ni vuguvugu huku geji zinasoma vizuri, gusa mipira ya hita inayoingia chumbani. Ikiwa yote miwili ya moto wakati swichi iko kwenye baridi, valvu ya hita haifungi na unapoza na kupasha kwa wakati mmoja.

Kuhusu kiasi cha baridi cha kutegemea, usijilinganishe na jamaa wa Iringa. Sehemu kubwa ya nguvu ya AC huku pwani inaishia kukausha hewa. Kila lita ya maji inayodondoka chini ya gari imechukua joto ambalo lingechemsha lita saba za maji kutoka kwenye mtungi. Ndiyo sababu kitufe cha hewa ya kuzunguka ndani kinatakiwa kiwe kimebonyezwa muda mwingi. Ukiacha hewa ya nje iingie unakausha anga ya Mtwara nzima. Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Kwa hewa ya nje ya nyuzi 32, mizunguko 1,500, ukipata kati ya 6 na 12, mfumo ni mzima. Kivukoni, silensa, juani, itapanda nyuzi chache na kutulia hapo bila kugeuka joto.

Ukiwa umemaliza feni, usafi wa kondensa, tundu na gesi ya mzani, na bado upande wa chini unakaa 60 huku wa juu ukigoma kwenye 120, basi fundi wako alikuwa sahihi na kompresa iagizwe. Ikifika, kabla ya kulipa izungushe shafti kwa mkono: iwe na mkazo laini bila kukwama. Kisha mimina oili yake kwenye chupa ya kioo. Ikiwa na chembe za alumini au nyeusi kama ya injini, irudishe ilikotoka.